Hori la Bibi Simela na Msimu wa Pichi

Julai 2
Leo tumeanza kuchuma pichi za mapema, na mimi nimeanza kuandika. Anatoli ndiye aliyenishauri. "Mama, wewe maneno yako mengi, yaandike basi na sisi tupumzike." Anatoli ni binti yangu. Alisomea mjini Thesaloniki namna ya kutunza vitu vya kale visioze, na sasa ndiye mtunzaji wa jumba la makumbusho la kijiji chetu, pale kwenye shule ya zamani. Ufunguo ni wake. Naandika tena ili anayesoma asipitwe: ufunguo ni wake. Mimi niliishia darasa la sita nikaingizwa kwenye tumbaku, lakini nimezaa mtu anayeandikiwa barua na maprofesa.

Mle jumbani kuna vitu ambavyo wazee wetu walibeba walipofukuzwa Ponto, ng'ambo ya bahari kwa Waturuki. Kuna masufuria ya shaba, kuna mikanda ya fedha ya maharusi, kuna hata funguo za nyumba ambamo leo wanalala watu wengine. Na kuna hori letu.

Ni hori la kukandia unga, la mti wa mjozi. Mama yake mama mkwe wangu alipanda nalo melini akiwa na mimba. Mama mkwe, Bibi Simela, akazaliwa palepale melini, akalazwa ndani ya hori. Tangu siku hiyo, mtoto wa nyumba hii akiletwa nyumbani mara ya kwanza, mkate hukandwa kwenye hori. Unga ukishatolewa kwenda tanuruni, bibi yake humlaza mtoto humo, mbao zikiwa bado na joto la chachu, mpaka sala ya Baba Yetu iishe. Mume wangu Lazaros alilazwa. Mwanangu Iordanis na Anatoli walilazwa, tena na Simela mwenyewe. Sasa Stamatia, mke wa Iordanis, anajifungua Agosti. Safari hii bibi ni mimi.

Julai 6
Joto. Manyoya ya pichi yamenijaa shingoni, najikuna kama mbwa.

Julai 11
Nimegombana na Anatoli. Nilimpelekea chakula jumbani, nikamwambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, mwezi ujao nitalihitaji hori siku moja."

"Haliwezi kutoka, mama."

"Haliwezi kwa amri ya nani? Nililileta hapa kwa mikono yangu."

"Lilikuwa linaliwa na wadudu. Mwezi wa tatu nimelitia dawa. Haligusiki bila glavu."

"Dawa! Binti wa mkulima wa pichi ananitisha mimi kwa dawa. Baba yako anapuliza dawa tangu ua mpaka tunda. Tunaosha, tunakula, na tazama tulivyonona."

"Dawa hii siyo ile, mama. Na hori halitoki. Hata ungekuwa mke wa waziri."

"Mimi ni zaidi ya mke wa waziri. Mimi ni mama wa mtunzaji."

Akacheka, lakini ufunguo akautia mfukoni. Nimerudi nyumbani na hasira zangu, na bakuli la pilipili hoho zilizojazwa wali nimelirudisha likiwa limejaa. Asile.

Julai 12
Nimempelekea pilipili. Ana kazi nyingi, amekonda.

Julai 20
Sikukuu ya Nabii Eliya. Baada ya kanisa tulikaa uani kwa padri, na Domna alikuwepo. Domna ni mama yake Stamatia, yaani mkwe mwenzangu. Watu wake walikuwa hapa tangu zamani, kabla wazee wetu hawajashushwa na mabunda yao, na hajaacha kutukumbusha.

"Nasikia nyinyi wakimbizi mliobatizwa kwa mtindi mnataka kumlaza mjukuu wangu kwenye bakuli la unga," akasema, watu wote wanasikia.

"Mjukuu wetu, mkwe. Na ni hori. Limevuka bahari, wewe hujavuka hata mto."

"Limevuka bahari, lakini nasikia kuvuka barabara limeshindwa. Binti yako amekunyima."

Watu wakacheka. Nikahisi masikio yanawaka. "Anatoli aninyime mimi? Siku hiyo njoo na dada zako wote, mkwe. Mtakuja kuona hori, mtakula mkate wake."

Nimeshasema. Maneno yakishatoka uani kwa padri yanafika Thesaloniki kabla ya basi.

Julai 24
Mawingu meusi yamekaa juu ya mlima siku nzima. Mvua ya mawe ikishuka sasa tumekwisha. Pichi ziko laini kama mashavu. Mizinga ya ushirika wa wakulima, ile ya kutawanya mvua ya mawe, ililipua mawingu mpaka jioni. Hayakushuka. Hayakuondoka pia.

Julai 29
Mawingu bado. Nimemwomba Anatoli tena. "Mama, usiniombe tena kitu hicho." Hakucheka.

Agosti 3
Tumechuma tangu alfajiri. Sina nguvu ya kuandika.

Agosti 9
MVULANA! Mkubwa, mwekundu, ana sauti kama muuza samaki. Bado hana jina mpaka abatizwe, lakini sura ni yetu, Domna aseme atakavyo. Anatoli alimwona kwenye kioo cha wodi akalia mpaka muuguzi akamletea kiti. "Nitamfuma kofia," akasema. Hajui kufuma. Nitamfundisha.

Watatoka hospitali tarehe kumi na tatu.

Agosti 12
Anatoli yuko Thesaloniki kwa kazi ya jumba, atarudi keshokutwa. Ufunguo umetundikwa chumbani anakopanga, karibu na jumba, nyuma ya mlango.

Nilikwenda saa ya mchana, watu wamelala kwa joto. Nilienda na trekta, mwenyewe, na makreti nyuma. Lilikuwa kwenye kabati la kioo na kijikaratasi chenye jina letu. Nililibeba kifuani nikalifunika kwa makreti. Njiani nikakutana na padri. "Umechuma nini saa hizi, Parthena?" Nikamwambia, "Pichi, baba." Mungu anisamehe, lakini nilikuwa natabasamu.

Nimeliosha kwa maji ya moto na siki, nikasugua kwa brashi, nikasuuza, nikasugua tena. Nimelianika juani. Dawa gani itabaki hapo? Kesho jioni nitalirudisha, na Anatoli akija atalikuta linang'aa kuliko alivyoliacha. Atanishukuru.

Agosti 13
Naandika mikono ikiniuma, lakini lazima niandike.

Niliamka na kukanda. Unga ulipanda vizuri, mzito, mweupe, nikaufunika kwa kitambaa cha harusi yangu. Mikono ilikuwa inaniwasha mpaka kwenye viwiko. Nikasema ni manyoya ya pichi. Domna akaja na dada zake na majirani, wakakaa barazani wananyoosha shingo. Nikawaacha wanyooshe. "Tulia, mkwe," nikamwambia, "utaliona." Bibi Simela alikuwa kitini pake, amevaa gauni jeusi la sikukuu.

Nikaingia jikoni kuangalia unga, na Anatoli akaingia kwa mlango wa nyuma, kijisanduku cha peremende mkononi. Alikuwa ameharakisha kazi ili amuwahi mtoto. Akanibusu. Kisha akaona.

"Umekandia humo?"

"Nimeosha kwa maji ya moto na siki. Unga umepanda, hebu tazama ulivyo..."

"Umekula? Kuna mtu ameonja?"

"Nani anaonja unga mbichi? We mtoto, usianze, watu wako barazani."

Alikuwa mweupe kama kile kitambaa. Nje honi ya gari ikalia: Iordanis amefika na Stamatia na mtoto. Anatoli akatazama mlango, akanitazama mimi, akatazama mikono yangu. Akavaa glavu zangu za shambani, akalinyanyua hori lote na unga wake, akatoka nalo mbele ya watu. Nilidhani ananisaidia kulipeleka tanuruni. Moyo wangu ulijaa, naapa, nilifikiri amekubali.

Kwenye ngazi akaliinamisha. Unga wote ukamwagika mavumbini.

"Nimejikwaa," akasema.

Kisha Domna, pale barazani: "Hahaa! Msomi wetu! Kubeba vitabu anaweza, unga hauwezi!" Wakacheka wote. Na mimi, mama yake, nikapaza sauti kuliko wote. Nilimwita mikono ya kuni. Nilimwambia amemwaga mkate wa mtoto wa kaka yake, bora angebaki hukohuko Thesaloniki. Hori alikuwa amelikumbatia, halikugusa chini, na hapo ndipo ningeshtuka kama ningekuwa na akili.

Kuku wakaja mbio kwenye unga. Hapo Anatoli akawa kama kichaa. Akaweka hori chini akawarukia, akampiga jogoo teke, akapiga magoti anazoa unga kwa kitambaa chake cha kichwa, anakwangua mpaka udongo, anapiga kelele, "Toka! Toka!" Stamatia akashuka garini na mtoto akamkuta shangazi mtu yuko hivyo.

Domna akajifanyia ishara ya msalaba, akamtemea mtoto mate matatu ya kufukuza kijicho. Akasema, si kwa sauti kubwa, lakini ilitosha: "Mkate wa kwanza wa mtoto uko chini. Na aliyeumwaga hana mtoto wala mume."

Nilisikia. Sikusema kitu. Nilikuwa bado na hasira.

Anatoli akafungasha unga, akachukua hori, akaondoka nalo. Mtoto hakulazwa. Ni wa kwanza katika nyumba hii.

Agosti 14
Mikono imevimba na kutoka malengelenge. Anatoli alikuja asubuhi na dawa ya kupaka, akanipaka kidole kimoja kimoja. Nilikuwa nimemnunia. Yeye akawa ananieleza taratibu, kama ananisomea.

Dawa aliyotia siyo ya kukaa juu. Mbao huinywa, hukaa ndani miaka. Maji ya moto huiamsha. Unga wa moto huifyonza, kama vile sifongo.

"Ungeoka ule mkate," akasema, "wangekula barazani wote. Bibi Simela angekula. Stamatia ananyonyesha. Na mtoto ungemlaza pale, ana siku nne, ngozi yake..."

Niliyatazama malengelenge yangu.

"Kwa nini hukusema mbele yao?"

"Niseme nini? Mama yangu amemkandia mjukuu wake sumu? Stamatia angekuachia mtoto tena lini?"

"Na wewe je?"

"Mimi nimejikwaa tu. Watu watacheka wiki moja. Nimeuzika unga nyuma ya jumba. Usimwambie mtu, mama. Niahidi."

Sikuahidi. Lakini sikukataa pia.

Agosti 15
Sikukuu ya Kulala kwa Mama wa Mungu. Kanisani Anatoli alisimama upande wetu. Dada zake Domna wakasogea mbali naye, wote watatu, kama amevaa harufu.

Agosti 18
Anatoli amekuja na kofia. Ameifuma mwenyewe, imepinda upande mmoja. Stamatia akamwambia mlangoni, "Amelala, wifi. Siku nyingine."

Mtoto hakuwa amelala. Alikuwa mikononi mwangu, chumba cha ndani, macho yake wazi ananitazama.

Agosti 19
Amekuja tena. "Amelala" tena. Nilikaa kimya tena.

Agosti 20
Iordanis anasema Stamatia anaogopa. Amesikia kwa mama yake kwamba mwanamke asiye na mtoto akimwaga mkate wa mtoto, ni kijicho kinamsukuma mkono. "Ni upuuzi, mama," akaniambia, "lakini mtoto usiku hakunyonya vizuri." Nikamwambia mtoto ana gesi. Akasema labda.

Mawingu yamerudi mlimani.

Agosti 21
Nimesema.

Tulikuwa kwenye banda la ushirika tunachambua pichi, wanawake wa kijiji kizima, mkanda wa mashine unapita mbele yetu. Domna alikuwa anawasimulia wa vijiji vingine. Akaigiza Anatoli anavyotembea na hori, akaigiza anavyopigana na jogoo. Wanawake walicheka mpaka pichi mbovu zikapita. Halafu akaacha kuigiza. "Mimi sisemi yeye ni mbaya," akasema. "Nasema tu, kijicho kimemuuma. Nimemwambia Stamatia, huyo asimshike mtoto mpaka arobaini ipite, na baada ya arobaini tutaona."

Nilikuwa nimeshika pichi. Niliifinya mpaka kokwa.

"Domna," nikasema. "Zima mdomo wako na usikilize."

"Ee, mkwe kaamka!"

"Binti yangu hakujikwaa. Hori lina sumu ya wadudu. Aliniambia mwezi wa saba nisiliguse, nikaona mimi ndiye ninayejua dawa. Niliiba ufunguo wake. Nilikanda humo kwa mikono hii, itazameni." Nikavua glavu. Ngozi ilikuwa inabanduka. "Ningewalisha nyinyi wote. Ningemlaza mtoto humo. Aliumwaga ule unga mbele yenu ili msinicheke mimi, na mimi nimemwacha mumcheke yeye wiki nzima. Kuku aliwapiga ili wasife. Sasa chekeni."

Mtu alizima mkanda. Domna alikuwa anatazama mikono yangu.

"Ulitaka kumlaza mtoto wa binti yangu..." akasema, hakumaliza. Akavua aproni akatoka.

Nilipofika nyumbani, Iordanis alikuwa anapakia kitanda cha mtoto garini. Stamatia alikuwa ameshakaa ndani na mtoto, dirisha limefungwa. Nilisimama. Nilimwita, "Stamatia, mwanangu." Hakugeuza uso. Wamekwenda kwa Domna.

Agosti 22
Nyumba kimya.

Agosti 23
Anatoli amenikasirikia. "Nilikuomba kitu kimoja, mama. Kimoja." Nikamwambia, na mimi nilikuombea kitu kimoja, ushike mtoto. Alilia. Nikataka kumfuta machozi nikakumbuka mikono yangu.

Agosti 25
Domna alimpigia simu Anatoli. Hakuomba radhi, Domna hajui neno hilo. Alisema, "Njoo umshike huyu, ana kelele, sote tumechoka." Anatoli alikimbia na viatu vya nyumbani.

Baadaye amepita kwangu ananuka maziwa. Nimeinusa blauzi yake.

Agosti 27
Lazaros hasemi nami ila mambo ya kreti na trekta. Bibi Simela anasema sana. "Umeiba kwa mwanao mwenyewe," ananiambia kila nikimpa supu. Kisha anakula supu yote.

Agosti 29
Mvua ya mawe. Ilishuka mchana, kubwa kama mayai ya njiwa, dakika chache tu. Shamba la juu limekwisha kabisa, matunda yote yamepondwa, majani yametapakaa kama saladi. Lazaros alikaa chini ya mti. Nilikaa karibu naye. Akasema, "Mtoto ana uzito gani sasa?" Nikamwambia alivyoniambia Anatoli. Akasema, "Vizuri."

Septemba 4
Anatoli anasema mtoto anacheka sasa. Domna anasema ni gesi.

Septemba 9
Tumemaliza pichi za shamba la chini. Mikono imepona, ngozi mpya ni nyekundu na laini, kama siyo yangu. Nimepita mbele ya nyumba ya Domna na trekta. Sikusimama. Nilipunguza mwendo tu.

Septemba 15
Anatoli amelirudisha hori kwenye kabati. Ameandika ilani mpya: lina sumu, lisiguswe. Nilikwenda kuona. Nilimwuliza kama ameandika kwa ajili yangu. "Kwa ajili ya watu wote, mama," akasema. Kisha: "Lakini zaidi wewe."

Septemba 18
Leo ni arobaini. Walikwenda kanisani kusomewa sala, mimi sikuitwa, nikabaki nyumbani nasafisha tanuru ambalo ni safi.

Gari likasimama. Akashuka Domna, peke yake, amebeba beseni la plastiki la buluu, lile kubwa la kuoshea pilipili. Akaingia jikoni bila hodi akaliweka mezani.

"Unga uko wapi?"

"Mkwe..."

"Nimeuliza unga. Na uoshe mikono."

Nikaosha.

"Kucha."

Nikaosha kucha.

"Tena. Mimi natazama."

Nikaosha tena, yeye amesimama nyuma yangu kama askari, ananipumulia shingoni. Beseni akaliosha mwenyewe, akalinusa, akanipa nami nilinuse. Nikakanda. Nilikanda machozi yananitiririka mpaka akaniambia, "Usiulilie unga, utatia chumvi." Wengine walikuwa wameshaingia: Iordanis, Lazaros, Anatoli, na Stamatia kasimama mlangoni, mtoto kambana kifuani.

Unga ulipopanda nikautoa. Lazaros akalitazama beseni. "Plastiki?" akasema.

"Nyamaza wewe," Bibi Simela akamkaripia. "Unadhani mama yangu alichagua? Hapakuwa na kitanda melini. Angekuwa na plastiki angenilaza kwenye plastiki."

Stamatia akaja. Ilimchukua muda kuvuka jikoni. Alinisogezea mtoto. Mtoto alikuwa amevaa ile kofia iliyopinda. Nilinyoosha mikono, na nikaona macho ya Stamatia yako wapi: yalikuwa kwenye mikono yangu, hayabanduki. Alikuwa ananipa na bado anaogopa.

Ilikuwa zamu yangu niliyoingojea miaka thelathini. Nikarudisha mikono nyuma.

"Mpe shangazi yake," nikasema.

Anatoli akatikisa kichwa, Stamatia akamweka mtoto mikononi mwake kabla hajamaliza kutikisa. Akainama, akamlaza kwenye beseni lenye joto. Domna ndiye aliyeanza Baba Yetu, kwa sauti, tukamfuata. Mtoto alilia toka neno la kwanza, akarusha miguu, beseni likacheza mezani, Stamatia akaziba mdomo. Anatoli alimshikilia kichwa na kiuno, hakuteleza, hakutetemeka, hakumtoa mpaka amina.

Ana mikono imara, binti yangu. Waulizeni waliokuwepo.